Bwana James Lansing, Fundi wa Spika

Katika arusi na madansi wengi wetu tumeziona herufi tatu, JBL, juu ya masanduku ya spika, lakini ni wachache wajuao ya kuwa herufi hizo ni jina la mtu. Alizaliwa katika jimbo la Illinois, Marekani, tarehe 14 Januari 1902, akaitwa James Martini. Baba yake alifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe, na nyumbani walizaliwa watoto 14.

Tangu utoto alipenda mambo ya redio. Alipokua akawa fundi wa motokaa, na baada ya mama yake kufariki mwaka 1924 aliondoka kwao akaenda Salt Lake City. Huko alikutana na Bwana Ken Decker. Wakahamia Los Angeles, na mwaka 1927 wakafungua kiwanda cha spika. Ndipo alipojiita James Bullough Lansing. Yeye alishika ufundi, mwenzake akashika biashara. Msomaji alikumbuke jambo hili.

Siku zile sinema zilikuwa zimeanza kusema. Sasa, sauti nzito kama ya ngoma haisikiki vizuri ila kwa kusukuma hewa nyingi, nayo yataka spika pana na sanduku kubwa. Sauti nyembamba yataka kitu chepesi kinachotikisika upesi. Ni shida spika moja kuzifanya kazi hizo mbili sawasawa. Basi mafundi wa kampuni ya sinema ya MGM, chini ya Bwana Douglas Shearer, walitengeneza mtambo wa kuzigawa, nzito huku na nyembamba huku, na Lansing akawa mmoja wa waliotengeneza spika zake. Mtambo huo ulipata tuzo ya Academy ya mwaka 1936. Sabufa tunazoziweka pembeni mwa sebule zafuata kanuni ile ile.

Mwaka 1939 Decker alikufa katika ajali ya ndege. Tangu hapo hapakuwa na mtu wa kuangalia fedha, na mwaka 1941 kiwanda kilinunuliwa na kampuni ya Altec. Lansing aliwatumikia miaka mitano, kisha mwaka 1946 akatoka na kuanza tena peke yake. Altec hawakukubali alitumie jina la Lansing tupu, kwa hiyo akatanguliza James B.

Hapo ndipo alipotengeneza spika iitwayo D130, yenye upana wa inchi 15, na koili yake inchi 4. Amplifaya za wakati ule zilikuwa za valvu, nguvu zake chache, na spika hii ilitoa sauti kubwa kwa umeme kidogo. Kwangu mimi hii ndiyo kazi yake bora kuliko zote. Vijana wa leo hukimbilia amplifaya kubwa, wala hawaulizi spika yenyewe hufanya nini na umeme inaopewa.

Lakini spika njema hazikulipa madeni. Mwezi Septemba 1949 Lansing alijiua, akiwa na umri wa miaka 47, akamwacha mkewe na watoto. Alikuwa amekata bima ya maisha ya dola 10,000, na aliyeandikiwa kuzipokea ni kampuni yake. Fedha hizo zikaiokoa. Bwana William Thomas akaishika kazi, na baadaye jina refu likafupishwa kuwa herufi zile tatu.