ALLIDINA VISRAM: MFANYABIASHARA ALIYEANZIA BAGAMOYO

Ndugu msomaji, ukifika Newala au Masasi katika msimu wa kuuza korosho, utakuta fedha inazunguka na kila mwenye kazi ya mikono yuko mbioni. Fundi cherehani hushona mpaka usiku, na mchuuzi wa nguo humaliza mzigo wake kabla ya adhuhuri. Lakini rudi huko mwezi wa Machi au Aprili, uwaulize watu wale wale, nawe utaona wengi wameanza tena kukopa. Na fundi yule akipatwa na homa kwa wiki tatu, cherehani hunyamaza na chungu hakiinjikwi. Mtu huyu amejiajiri kweli, wala hana bwana wa kumtuma; lakini akilala yeye, riziki yake nayo hulala.

Je, yawezekana mtu wa namna hii akavuka na kuwa mwenye biashara inayokwenda hata asipokuwapo? Maisha ya Allidina Visram yanatupa jibu, tena jibu lenye pande mbili.

Alizaliwa Kutch, Bara Hindi, katika jamaa ya Waislamu wa Ismailia, akavuka bahari angali kijana mdogo, hana mali. Alifikia Bagamoyo, mji ambao katika karne ya 19 ulikuwa mlango wa misafara iendayo bara. Huko alifanya kazi kwa Sewa Haji Paroo, tajiri aliyekuwa akitoa bidhaa na wapagazi kwa misafara mikubwa. Kwa miaka kadhaa Allidina alijifunza ni kitambaa gani kinachotakiwa Tabora, na ni nani wa kuaminiwa Ujiji. Ndipo akaanza biashara yake mwenyewe, akipeleka nguo na chumvi, na kurudisha nta, asali na pembe za ndovu. Tusifiche kwamba misafara ile ilibebwa mabegani mwa watu, na kwamba wengi wao walitaabika sana.

Kama angetaka, angaliweza kuishia hapo, mtu mmoja na msafara wake. Lakini alifahamu kwamba mwili mmoja hauwezi kuwa katika masoko mawili kwa siku moja. Basi faida yake hakuila yote, bali aliigeuza kuwa rasilimali ya duka jingine. Aliweka watu wake Sadani, Dar es Salaam, Tabora na Ujiji. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, akiwa ameacha mali kwa ajili ya wagonjwa na maskini, Allidina ndiye aliyeshika sehemu kubwa ya biashara ya misafara.

Wakati huo huo dunia ilikuwa ikigeuka. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, na mwaka 1901 ikafika Ziwa Victoria. Wenye misafara wengi waliiona reli kuwa adui, Allidina aliifuata. Alifungua maduka njiani, akawauzia vyakula wajenzi wa reli, akatangulia kuweka tawi Kampala, na vyombo vyake vikaelea ziwani. Kilimo cha pamba kilipoanza kuenea Uganda baada ya mwaka 1903, alinunua mazao ya wakulima, akajenga viwanda vya kuchambulia pamba, pamoja na vinu vya mafuta na viwanda vya kupasulia mbao. Kwa hiyo duka likikosa wateja, shamba lilileta; na shamba likikosa mvua, kinu kilisaga.

Siri ya kuenea kwake ilikuwa watu. Aliwaita vijana kutoka Kutch, akawafunza kuandika daftari, kisha akawakabidhi duka. Wengine aliwapa mali kauli, wauze kwanza na kulipa baadaye, na wengi wao wakaja kuwa wafanyabiashara kwa haki yao. Njia hii si ngeni kwetu Waislamu. Bibi Khadija r.a. alikuwa akipeleka mali yake Shamu kwa mikono ya waaminifu, na Kurani Tukufu imetuamuru kuandika madeni yetu. Uaminifu pasipo daftari huzaa ugomvi, na daftari pasipo uaminifu huwa karatasi tupu.

Allidina alifariki mwaka 1916 kwa homa aliyoipata katika safari ya Kongo. Mwanawe Abdulrasul alishika usukani, naye akafariki mwaka 1923. Haikupita miaka mingi, jumba lile kubwa la biashara likaporomoka. Yule aliyekuwa na matawi katika nchi nzima nzima alikuwa ameyafunga yote katika kichwa kimoja, na kichwa kile kilipoondoka, hapakuwa na wa kuyashika. Hivyo katika jambo moja alifanana na fundi wetu wa Newala.

Kilichobaki ni shule ya Mombasa yenye jina lake, iliyofunguliwa mwaka 1923. Jina la Sewa Haji nalo lingali linatajwa katika hospitali ya Muhimbili. Maduka yamekwisha, kilichotolewa kwa ajili ya watu kimesimama.

Basi ndugu zetu wa Masasi na Newala na wachukue mafundisho haya. Fedha ya msimu igawe kabla haijaingia jikoni: sehemu ya chakula, sehemu ya zaka na sadaka, na sehemu ya kuzaa mali nyingine. Fundi anunue cherehani ya pili, amfunze kijana, naye amlipe kwa haki. Asiweke akiba yote katika korosho, wala asitafute utajiri kwa kangomba, kununua korosho ya jirani kwa bei ya njaa kabla ya msimu. Faida ile ni machozi ya mwenzake. Hesabu aziandike, na mkewe na watoto wake wazijue. Kisha, angali na nguvu zake, aache duka siku saba mikononi mwa aliyemfunza, aone kama litasimama. Likisimama, amshukuru Mwenyezi Mungu. Likianguka, ni heri limeanguka angali hai wa kuliinua.