Louis wa Tisa: Mfalme mpenda haki aliyewanyima Wayahudi haki

WAFALME wengi husifiwa kwa vita walivyoshinda. Louis wa Tisa wa Ufaransa alishindwa katika vita vyake vikubwa, lakini akaacha sifa ya mpenda haki.

Alizaliwa mjini Poissy mnamo Aprili 25, 1214. Babake alipofariki mwaka wa 1226, alirithi kiti cha enzi akiwa na umri wa miaka 12 pekee. Mamake, Blanche wa Castile, alishika hatamu za uongozi kwa niaba yake na kuwazima makabaila walioasi.

Mnamo 1247, Louis alituma wachunguzi, wengi wao watawa, kusikiliza malalamishi ya raia dhidi ya maafisa wake mwenyewe. Mwaka uliofuata aliondoka kwenda Vita vya Msalaba. Aliuteka mji wa Damietta, Misri, mwaka wa 1249, lakini Aprili 1250 alitiwa mbaroni pamoja na jeshi lake, lililodhoofishwa na maradhi. Ili kuachiliwa, alirudisha mji huo na kukubali kulipa fidia ya livre 400,000, sarafu ya Ufaransa.

Aliporejea nyumbani mwaka wa 1254, alitoa amri iliyowakataza maafisa kupokea zawadi na kucheza kamari. Aliyeacha wadhifa alitakiwa kubaki huko kwa muda ili wenye malalamishi wamshtaki. Aidha, katika himaya yake alipiga marufuku desturi ya kuamua kesi kwa pigano. Ushahidi ukachukua nafasi ya upanga. Kabaila Enguerrand wa Coucy alipowanyonga vijana watatu waliokuwa wakiwinda katika msitu wake, mfalme alimtoza faini nzito, licha ya makabaila wenzake kumtetea.

Hata hivyo, haki hiyo haikuwafikia wote. Mnamo 1242, shehena za mikokoteni ya nakala za Talmud, kitabu kitukufu cha Wayahudi, ziliteketezwa jijini Paris. Mwaka wa 1269, Louis aliwalazimisha Wayahudi kuvaa alama ya kuwatenga na watu wengine.

Aliugua na kufariki karibu na Tunis mnamo Agosti 25, 1270, akiwa katika vita vingine vya msalaba. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka wa 1297. Jina lake lingali linaheshimiwa, lakini moshi wa vitabu vile haujafutika katika historia yake.