Alinyimwa udaktari kila chuo, akapenyea kwa wauza dawa

Kama uliomba udaktari na KUCCPS ikakutupa kwenye kozi ambayo hata jina lake hujui kulitamka, kaa hapa kidogo. Leo nakusimulia kuhusu Elizabeth Garrett, dada mmoja Mwingereza ambaye barua za kukataliwa zilimjia kutoka karibu kila chuo cha maana nchini mwao. Na si eti alikuwa amefeli. Alama hazikuwa shida kabisa.

Elizabeth alizaliwa mwaka wa 1836 huko Whitechapel, London, mtoto wa pili katika familia kubwa ya watoto zaidi ya kumi. Babake, Newson Garrett, alianza maisha akiendesha duka la kukopesha watu hela kwa rehani. Baadaye akahamisha jamaa yake hadi Aldeburgh, mji mdogo wa pwani ya mashariki, akaingia biashara ya nafaka na kimea cha kutengenezea bia. Mambo yakamnyookea. Mabinti zake wakapelekwa shule ya bweni, wakafunzwa yale mabinti wa matajiri walikuwa wakifunzwa enzi hizo: Kifaransa kidogo, adabu nyingi, na sayansi karibu sufuri. Hiyo sufuri ya sayansi ikumbuke, maana itakuja kumsumbua.

Baada ya shule alirudi nyumbani akakaa miaka kadhaa akisaidia kazi za nyumba na kufundisha wadogo zake. Kilichombadilisha ni mwaka wa 1859, alipoenda London kusikiliza mihadhara ya Elizabeth Blackwell, mwanamke aliyekuwa amepata shahada ya udaktari Marekani miaka kumi awali na jina lake likaingizwa kwenye sajili ya madaktari Uingereza. Garrett alikuwa na miaka 22. Akaamua basi, hiyo ndiyo njia.

Nyumbani kukawaka. Mamake alilia kana kwamba kuna msiba. Mzee naye mwanzoni aliona wazo lenyewe ni la kuchukiza, lakini alikuwa na kichwa ngumu kama cha binti yake, na kadiri watu walivyozidi kumwambia haiwezekani ndivyo alivyozidi kulipenda. Alimshika binti mkono wakazunguka kwa madaktari wakubwa wa London. Wakachekwa. Inasimuliwa kuwa mmoja alimuuliza kwa nini asiridhike na uuguzi, naye akajibu kwa hesabu ya pesa tu: daktari hulipwa maelfu, muuguzi hulipwa makombo. Nampenda sana hapo. Hakujifanya ni wito wa mbinguni pekee.

Sasa, angalia alichofanya. Chuo cha udaktari hakimtaki, sawa. Agosti 1860 akaingia Middlesex Hospital kama muuguzi. Mchana yuko wodini, anawafuata madaktari wakizungukia wagonjwa, anatazama upasuaji. Muda uliobaki analipa walimu wa kibinafsi wamfundishe Kilatini, Kigiriki na elimu ya dawa, yaani anaziba lile pengo la shule ya bweni. Pole pole wakamruhusu kuhudhuria mihadhara ya kemia, hata kuingia chumba cha kupasulia maiti. Alipofanya mitihani, alifanya vizuri kupita kiasi.

Hapo ndipo wavulana wakachoka. Inasemekana siku moja daktari aliuliza swali mbele ya wanafunzi, wote wakanyamaza, Elizabeth pekee akajibu. Mwaka huo wa 1861 wanafunzi wakaandika ombi rasmi kwamba aondolewe, na uongozi ukakubali. Akatoka na vyeti vyake vya kemia na dawa mkononi. Vyeti hivyo vilikuwa vya maana kuliko ilivyoonekana siku ile.

Kisha ikaanza ile safari ya maombi. Oxford, hapana. Cambridge, hapana. Glasgow na Edinburgh, hapana. Chuo cha madaktari wa upasuaji, hapana pia. Chuo Kikuu cha London kilijadili mwaka wa 1862 kama wanawake waruhusiwe kutahiniwa. Kura zikafungana na kura ya chansela ikamwangusha. St Andrews, kule Uskoti, ndio waliuma zaidi: walimpa kadi ya kusajiliwa kama mwanafunzi, halafu seneti ikakaa ikasema usajili huo haukuwa halali. Yaani unapata nafasi, unashangilia, kisha unaambiwa ilikuwa makosa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina ubavu wa kumhubiria mtu kuhusu uvumilivu. Lakini kitu kimoja kinanivutia kwa huyu dada. Hakubaki kugonga mlango uleule kwa nguvu zaidi. Alikaa chini akasoma kanuni za kila taasisi iliyokuwa na mamlaka ya kutoa leseni ya udaktari, akitafuta ile ambayo sheria yake haikuwa na njia ya kumkataa.

Akaipata. Society of Apothecaries, chama cha wauza dawa cha London, kilikuwa na uwezo wa kutoa leseni iliyomruhusu mtu kutibu. Haikuwa na hadhi ya shahada ya chuo kikuu. Vijana wa familia kubwa hawakuionea fahari. Lakini kanuni zake zilizungumzia mtu, si mwanamume. Wanasheria wakasoma, wakarudia kusoma, wakakubali kwamba mwanamke naye ni mtu. Wakajibu kwamba akitimiza masharti, watamtahini. Nadhani walidhani hatayatimiza.

Masharti yenyewe hayakuwa mchezo: miaka mitano ya uanagenzi chini ya muuza dawa mwenye leseni, pamoja na mihadhara ya walimu wanaotambulika. Mwuza dawa wa kumchukua alipatikana. Mihadhara ikawa kazi, maana hakuna chuo kilichomruhusu kukaa darasani. Akafundishwa kibinafsi, mwalimu mmoja baada ya mwingine, kwa hela za babake. Akasoma St Andrews na profesa aliyekubali kumfunza nje ya darasa, kwenye mji uleule uliomfukuza. Akaenda Edinburgh kujifunza uzalishaji. Akarudi London kufanya kazi wodini, tena kwa jina la muuguzi. Kuanzia 1861 hadi 1865 maisha yalikuwa hivyo, na tuseme ukweli, msichana asiye na baba tajiri hangefika. Hilo huwa linarukwa kwenye simulizi za watu walioshinda.

Mwaka wa 1865 ukafika, akajitokeza kufanya mtihani wa mwisho. Chama kikaanza kujikuna kichwa. Mzee Newson hakubembeleza: alitishia kuwapeleka kortini. Wakalegea. Tarehe 28 Septemba 1865 watahiniwa walikuwa saba, waliopita ni watatu, na aliyeongoza ni Elizabeth Garrett. Akawa mwanamke wa kwanza kufuzu udaktari Uingereza akijulikana wazi kuwa ni mwanamke.

Chama hakikuchelewa. Kilibadilisha kanuni, kikasema masomo ya kibinafsi hayatahesabiwa tena. Kwa kuwa hakuna chuo kilichopokea wanawake, maana yake ilikuwa moja tu: hakuna mwingine atakayepitia hapo.

Leseni ilikuwa mkononi, lakini haikuwa shahada. Mwaka wa 1866, mwaka ambao kipindupindu kilikuwa kikiua watu London, alifungua zahanati ya wanawake na watoto maskini. Foleni zilikuwa ndefu kuanzia mwanzo. Kina mama waliokuwa wakiona haya kueleza shida zao kwa daktari mwanamume walikuja kwa maelfu.

Huku akiendesha zahanati, akasikia kwamba Paris wameanza kuruhusu wanawake kutahiniwa udaktari. Hebu fikiria, una kazi, una wagonjwa, una jina, na bado unarudi kwenye kutuma maombi. Alipiga msasa Kifaransa chake, balozi wa Uingereza kule akamsaidia kupata kibali, na akawa anavuka bahari kwenda kufanya mtihani kisha anarudi kwa wagonjwa wake. Tasnifu yake ilihusu kipandauso, yale maumivu ya kichwa ya upande mmoja. Juni 1870 Paris ikampa shahada kamili. Sajili ya Uingereza haikuitambua, lakini yeye alishakuwa ndani ya sajili kwa leseni ya wauza dawa. Vipande viwili, kila kimoja na kazi yake.

Mwaka uliofuata aliolewa na James Skelton Anderson, mtu wa biashara ya meli, na akaendelea kutibu. Mwaka wa 1873 akaingia chama cha madaktari wa Uingereza. Baadaye wanachama wakapiga kura wanawake wengine wasikubaliwe, akabaki mwanamke wa pekee humo kwa miaka 19.

Wakati huo Sophia Jex-Blake na wenzake walikuwa wamekubaliwa Edinburgh mwaka wa 1869, wakafanyiwa fujo na wanafunzi wenzao, na hatimaye mahakama ikasema chuo hakikupaswa kuwapokea tangu mwanzo. Hapa Garrett na Jex-Blake walitofautiana hadharani. Garrett aliwashauri wanawake wasipoteze miaka, waende Paris wakachukue shahada, mapambano ya nyumbani yaendelee baadaye. Jex-Blake alitaka mlango ufunguliwe hapohapo Uingereza. Mimi nikisoma huona wote wawili walikuwa na haki, lakini Paris ilihitaji nauli, na nauli si kila mtu alikuwa nayo. Mwaka wa 1874 Jex-Blake alipoanzisha London School of Medicine for Women, Garrett aliweka tofauti kando akajiunga naye. Alifundisha humo miaka mingi na kuanzia 1883 akawa mkuu wa chuo kwa karibu miongo miwili.

Uzeeni alirudi Aldeburgh. Mwaka wa 1908 akachaguliwa meya, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho Uingereza. Alifariki tarehe 17 Desemba 1917. Siku hizo binti yake Louisa, daktari wa upasuaji, alikuwa akiendesha hospitali ya majeruhi wa vita London, hospitali iliyosimamiwa na wanawake watupu. Louisa alisomea udaktari kwenye chuo cha mamake. Shahada zake zilitoka Chuo Kikuu cha London, kilekile cha ile kura ya 1862.