Ibn al-Haytham: Mwanachuoni Aliyeuliza Jicho Linaonaje

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi, aliyetujaalia macho ya kuonea na akili ya kuzingatia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Watoto wetu wana maswali mengi. Kwa nini mwezi ukichomoza baharini huwa mkubwa kama sinia, kisha ukipanda juu unakuwa mdogo? Kwa nini kasia likitiwa majini linaonekana kama limevunjika? Kwa nini jua la mchana linachora viduara ardhini chini ya mwembe, ilhali nafasi zilizo baina ya majani hazina umbo la duara? Aghlabu mtoto hujibiwa kuwa ndivyo Mungu alivyoumba, na mazungumzo yakaishia hapo. Ni kweli, ndivyo alivyoumba. Lakini huyo huyo Muumba ametuamrisha tutazame na tuzingatie, na katika umma huu alikuwepo mtu aliyeyashughulikia maswali ya namna hii kwa miaka mingi ya umri wake. Leo tunakuleteeni khabari zake, ili wazee na watoto wazisome pamoja.

Kuzaliwa na makuzi yake

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham. Alizaliwa karibu na mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia, katika mji wa Basra, kusini mwa Iraq. Ni Basra hiyo hiyo ambayo wazee wetu wa mwambao waliijua kwa tende zilizokuja na majahazi ya msimu. Wazungu walilichukua jina lake la al-Hasan wakalitamka Alhazen, na kwa jina hilo ndipo anapotajwa katika vitabu vyao vingi.

Wakati ule vitabu vya Wayunani vya hisabati, falaki na tiba vilikuwa vimekwisha kufasiriwa kwa Kiarabu. Waislamu walikuwa wakivisoma, wakivisahihisha na kuviongezea. Ibn al-Haytham akakulia katika mazingira hayo, akazibobea hisabati za Euclid na falaki ya Ptolemy. Baadaye naye akaandika mengi. Zinatajwa kazi zake zaidi ya 90, na miongoni mwake imo risala ya kuhesabu upande wa Kibla.

Ahadi ya mto Nile

Mwanahistoria Ibn al-Qifti, aliyeishi karne mbili baada yake, ametupokelea kisa kikubwa cha maisha ya mtu huyu. Anaeleza kuwa Ibn al-Haytham, akiwa bado Iraq, alidai kwamba lau angekuwa Misri angeufanyia mto Nile jambo la kuwanufaisha watu, maji yakijaa na yakipungua. Maneno yakamfikia al-Hakim, mtawala wa Kifatimi mjini Cairo. Al-Hakim akamwita, na alipofika akatoka mwenyewe nje ya mji kwenda kumlaki.

Hilo halikuwa jambo dogo. Uhai wa Misri ulitegemea furiko la kila mwaka. Maji yakiwa machache, mashamba hayanyweki na njaa inaingia majumbani. Yakizidi, yanazoa vijiji na mifugo. Atakayeweza kuyazuia na kuyafungulia kwa kipimo atakuwa ameokoa roho za watu wengi.

Ibn al-Haytham akapewa mafundi, akapanda mto mpaka Janadil, mahali penye maporomoko karibu na Aswan. Njiani akayaona majengo ya Wamisri wa kale, namna mawe yalivyochongwa na kupimwa kwa ustadi mkubwa. Akafahamu kwamba watu wenye elimu kama ile, lau jambo lenyewe lingewezekana kwa zana zilizokuwepo, wasingeliacha. Alipofika na kupapima mahali penyewe, akahakikisha kuwa haliwezekani. Hapo alikuwa na njia mbili: aendelee kula mali ya mtawala kwa ahadi asiyoweza kuitimiza, au arudi akakiri. Akarudi akakiri.

Tukumbuke kuwa wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Bwawa kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970, zaidi ya miaka 900 baadaye, kwa mitambo na saruji ambayo mtu wa zama zake asingeweza kuifikiria. Alichokosa yeye ni zana, na aliujua upungufu huo akausema.

Lakini kukiri mbele ya al-Hakim kulikuwa na khatari yake. Alikuwa mtawala anayebadilika ghafla, na watumishi wake wakubwa kadhaa walikwisha kuuawa kwa amri yake. Alimpa Ibn al-Haytham kazi katika diwani, naye akaishika kwa khofu, akijua kuwa siku yoyote mambo yanaweza kugeuka. Mwisho akaona hana pa kutokea isipokuwa kujifanya amerukwa na akili. Mali yake ikachukuliwa isimamiwe na wengine, na yeye akafungiwa nyumbani. Akabaki katika hali hiyo mpaka mwaka 411 Hijria (1021), al-Hakim alipotoka usiku nje ya Cairo na asirudi tena.

Hapo ndipo Ibn al-Haytham alipoidhihirisha akili yake. Akahamia penye mlango wa al-Azhar, msikiti ambao hadi leo vijana wa visiwani kwetu huufuata kwa ajili ya elimu. Ibn al-Qifti anasema kuwa kila mwaka alinakili kwa mkono wake vitabu vya Euclid na Ptolemy, akaviuza kwa dinari 150, na hizo ndizo zilizokuwa posho yake ya mwaka mzima. Hakurudi tena katika kazi za watawala.

Swali la jicho

Katika miaka hiyo ya Cairo ndipo alipokiandika kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, chenye sehemu saba. Swali lake la mwanzo mtoto yeyote anaweza kuliuliza: tukikitazama kitu, nini hasa kinatokea?

Wakubwa wa kale walikhitilafiana. Euclid na Ptolemy waliona kuwa jicho linatoa miale inayokwenda kukigusa kitu, mfano wa mtu anayepapasa kwa fimbo gizani. Wengine walisema kuwa sura ya kitu ndiyo inayokuja kwenye jicho, lakini hawakueleza vizuri inakujaje.

Ibn al-Haytham akaanza na mambo ambayo kila mtu anayajua. Mtu akilikodolea jua, macho yanamuuma. Akitazama kitu chenye mwanga mkali kwa muda, kisha akageukia mahali penye giza, athari ya mwanga ule hubaki machoni mwake. Basi ni kitu cha nje kilicholiingia jicho na kulidhuru. Na tukifumbua macho usiku, nyota tunaziona papo hapo. Itakuwaje jicho dogo litoe kitu cha kuijaza mbingu yote mara moja? Akahitimisha kuwa mwanga hutoka katika kila nukta ya kitu kinachong'aa au kinachomulikwa, ukaenda kila upande kwa mstari ulionyooka, na ule unaoingia jichoni ndio tunaoonea.

Taa na chumba cha giza

Hakutosheka na hoja. Alitaka jambo lijaribiwe, na majaribio yake yalikuwa mepesi kiasi kwamba tunaweza kuyarudia majumbani mwetu.

Alipanga taa kadhaa mahali mbalimbali, zote zikielekea tundu moja la kuingilia chumba cha giza. Ukutani ndani ya chumba kukatokea madoa ya mwanga kwa idadi ya taa zile. Akiifunika taa moja, doa lake peke yake linatoweka. Akiifunua, linarudi pale pale. Kwa hivyo mwanga unakwenda kwa mstari, na mianga mingi inapita katika tundu moja bila ya kuchanganyika.

Na hapa ndipo lilipo jibu la viduara vya chini ya mwembe. Kila kinafasi baina ya majani kinafanya kazi ya tundu la chumba cha giza, na kile kiduara kilichoko chini ni sura ya jua lenyewe. Ibn al-Haytham aliandika risala nzima juu ya umbo la jua linapopatwa. Akaeleza kwa nini mwanga wake ukipita katika tundu dogo unachora hilali, na tundu likiwa pana unachukua umbo la tundu. Basi siku jua likipatwa tusiwaache watoto wakalitazama kwa macho, kwani macho yao yanaweza kudhurika moja kwa moja. Tuwapeleke chini ya mti wakaone hilali ndogo ndogo zimeenea ardhini, kisha twende nao kwenye Sala.

Wapo wanaosambaza kuwa neno kamera limetokana na neno la Kiarabu alilolitumia yeye. Si kweli. Neno hilo ni la Kilatini na maana yake ni chumba. Tusimzidishie mtu huyu kwa lisilokuwa lake, kwani aliyonayo yanamtosha.

Kasia lililovunjika na mwezi mkubwa

Sehemu ya saba ya kitabu chake inahusu kupinda kwa mwanga. Mwanga unapotoka majini kuingia hewani hubadilisha mwelekeo wake, nalo jicho hukiweka kitu pale unapoonekana kutokea. Ndiyo maana kasia linaonekana limevunjika, na sarafu iliyo chini ya bakuli la maji inaonekana imeinuka.

Ama mwezi, Ptolemy alikuwa amejaribu kuutolea sababu ukubwa wake ukiwa karibu na upeo wa macho. Ibn al-Haytham akasema kuwa sababu kubwa imo katika hukumu ya akili. Mwezi ukiwa chini, baina yetu na wenyewe kuna bahari, miti na nyumba, na akili inaukadiria kuwa uko mbali zaidi. Kitu kinachojaza nafasi ile ile ya jicho na kikadhaniwa kiko mbali zaidi, akili hukihukumu kuwa ni kikubwa zaidi. Wataalamu hadi leo wanaendelea kuitafiti njia hiyo aliyoifungua.

Jaribuni nyumbani. Mwezi mpevu ukichomoza, nyoosha mkono, fumba jicho moja na uuzibe kwa punje ya mbaazi. Rudia ukishapanda juu. Punje ile ile itauziba mara zote mbili. Mwezi haukupungua kitu.

Naye akasahihishwa

Ibn al-Haytham aliandika pia kitabu cha kumpinga Ptolemy, aliyekuwa imamu wa wanafalaki kwa zaidi ya miaka 800. Humo alieleza kuwa anayeitafuta haki hapaswi kuyameza maandishi ya waliotangulia kwa kuwadhania vyema tu. Ayachunguze kila upande, na wakati huo huo aitilie shaka nafsi yake, asije akamdhulumu mtu wala kumpendelea. Alikuwa akizungumzia elimu za wanadamu, ambazo mwenye kuzisema anaweza kupatia na kukosea.

Na yeye mwenyewe alikosea. Maelezo yake juu ya upinde wa mvua hayakuwa sahihi. Karibu miaka 300 baadaye, Kamal al-Din al-Farisi, Muislamu wa Uajemi aliyekisherehesha Kitab al-Manazir, alijaza maji katika chupa ya mviringo ili iwe mfano wa tone la mvua. Akaonyesha namna mwanga unavyopinda unapoingia, unavyorudishwa ndani na unavyopinda tena unapotoka. Vilevile Ibn al-Haytham alidhani kuwa hisia ya kuona huanzia mbele ya lenzi ya jicho. Mwaka 1604 Kepler wa Ujerumani akabainisha kuwa sura hutua nyuma kabisa ya jicho. Wote wawili walimsahihisha kwa kutumia njia aliyowafundisha yeye.

Alifariki Cairo karibu na mwaka 430 Hijria (1040). Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, akakisoma Roger Bacon wa Uingereza na wengine wengi, na mwaka 1572 kikachapwa Basel, Uswisi. Mwaka 2015, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa mwaka wa kimataifa wa mwanga, UNESCO ilikuwa miongoni mwa waliomkumbuka.

Mazingatio kwa familia zetu

Mtu huyu aliokoka kwa kufungiwa nyumbani, na akaishi kwa kunakili vitabu. Hakuacha jengo wala hazina. Alichoacha ni maswali yaliyoulizwa vizuri, na ujasiri wa kusema kuwa jambo haliwezekani pale alipoahidi kuwa litawezekana. Tunahisi sifa hizi mbili ni ndugu. Mzazi anayeweza kumwambia mwanawe kuwa hili hajui, basi waende wakalitafute pamoja, hapungukiwi na heshima. Mtoto anayekemewa kwa kuuliza hujifunza kunyamaza, na baada ya miaka michache hana tena la kuuliza, skuli wala chuoni.

Basi mtoto akiuliza juu ya mwezi, tusimfukuze. Tumpe punje ya mbaazi, tutoke naye nje.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu Ibn al-Haytham na wanavyuoni wetu wote, atunufaishe kwa elimu yao, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Aamin.

Wallahu a'lam.