Édouard Lucas, Mwalimu wa Namba Tasa

Mwanafunzi akiulizwa kama namba fulani ni tasa, huigawanya kwa 2, kwa 3, kwa 5, na kuendelea hadi achoke. Njia hiyo ni sahihi, ila ina kikomo. Aliyekivuka kikomo hicho alikuwa mwalimu wa sekondari, Mfaransa Édouard Lucas.

Lucas alizaliwa Amiens mwaka 1842. Alitumika katika kituo cha kuchunguzia nyota cha Paris, akawa afisa wa mizinga katika vita vya Ufaransa na Prussia, kisha akafundisha hisabati Moulins na baadaye Paris.

Mwaka 1644 mtawa Marin Mersenne alikuwa ametaja vipeo ambavyo, 2 ikipandishwa kwavyo na kutolewa 1, alidai hutoa namba tasa. Miongoni mwavyo vilikuwamo 67 na 127. Lakini 2¹²⁷ − 1 ni 170141183460469231731687303715884105727. Maisha ya mtu hayatoshi kuijaribu kwa kugawanya.

Mnamo 1876 Lucas alileta njia nyingine. Kwa kipeo kama 7 au 127, anza na 3. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba inayojaribiwa, chukua baki, kisha rudia. Tujaribu 2⁷ − 1, yaani 127. Twapata 3, 7, 47. Halafu 2207, baki 48. Halafu 2302, baki 16. Halafu 254, ambayo haiachi baki. Hatua ni tano, pungufu ya kipeo kwa mbili, na sifuri hiyo ndiyo ithibati. Mwalimu wa Kasulo aweza kuikamilisha kwa chaki katika kipindi kimoja. Kwa namba ndogo hivi kugawanya ni kwepesi zaidi, nasi twaichagua kwa sababu hiyo hasa: darasa litahakiki jibu kwa njia zote mbili.

Kwa namba kubwa hatua zilihitajika 125. Lucas alibuni ubao wa miraba 127 kwa 127, akahesabu katika kizio cha mbili: penye kete ni 1, pasipo na kete ni 0. Wanafunzi wanaocheza bao hawatahitaji maelezo marefu hapa.

Njia yake ilionyesha pia kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, bila kutaja kigawo hata kimoja. Vigawo vyenyewe, 193707721 na 761838257287, vilitolewa na Frank Cole mwaka 1903. Jambo hili huwatatiza wanafunzi, na mwalimu asilipite kwa haraka.

Mwaka 1891, katika karamu ya mkutano wa wanasayansi, sahani ilianguka na kigae kikamkata Lucas shavuni. Jeraha liliingia maradhi, akafariki Paris tarehe 3 Oktoba, akiwa na miaka 49. Namba yake ilibaki namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi 1951. Njia yake, iliyorekebishwa na D. H. Lehmer, ndiyo iliyotumiwa mwaka 2024 kuithibitisha kwa kompyuta namba tasa yenye tarakimu 41,024,320.