Jonni Myyrä: Bingwa Ambaye Hakurudi Nyumbani

Mwaka 2015 Julius Yego aliporusha mkuki mita 92.72 kule Beijing na kuwa bingwa wa dunia, mimi nilikuwa darasa la tano. Kila mtu mtaani alijua kwamba alijifunzia kwenye YouTube. Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba aliwahi pia kwenda kunolewa Finland. Nikajiuliza, Finland kuna nini? Kutafuta jibu kukanifikisha kwa Jonni Myyrä.

Myyrä alizaliwa Julai 1892 huko Savitaipale, enzi ambazo Finland ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Mwaka 1912 alienda Olimpiki ya Stockholm akaambulia nafasi ya nane. Hata Mfini aliposhinda mwaka ule, bendera iliyopandishwa ilikuwa ya Urusi. Hebu fikiria uchungu huo!

Michezo ya 1916 ikafutwa kwa sababu ya vita. Myyrä alikuwa na miaka 24, umri ambao mwanariadha ana nguvu zake zote, na nafasi ikapita hivyo hivyo. Mwaka 1917 nchi yake ikapata uhuru, na 1918 ikaingia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Lakini Agosti 1919 Myyrä akarusha mita 66.10, rekodi ya dunia iliyodumu miaka mitano.

Antwerp, 1920, akatwaa dhahabu kwa mita 65.78. Nafasi ya pili, ya tatu na ya nne, wote Wafini! Na safari hii bendera ilikuwa yao wenyewe. Mwaka 1924 kule Paris, akikaribia kutimiza miaka 32, akashinda tena kwa mita 62.96.

Sasa ungedhani alirudi nyumbani kupokewa kwa shangwe. Wapi! Alielekea Marekani, akahamia huko moja kwa moja, na akafia San Francisco mwaka 1955.

Niseme ukweli, mwanzoni nilimkasirikia. Watu wamengoja bendera yao miaka yote hiyo, halafu wewe unaenda zako? Lakini hasira yangu ina sababu nyingine. Mezani kwangu kuna fomu ya kuomba masomo ng'ambo. Mama haniulizi nitarudi lini. Ananiuliza kama nitarudi.

Kilichonituliza kidogo ni hiki: Myyrä aliondoka, ila mkuki ulibaki. Mwaka 1932 Matti Järvinen akaleta dhahabu nyingine Finland, na baada yake wengine. Waliobaki waliendelea kufundishana, hadi kijana wa kutoka Nandi akapata pa kwenda kujifunza.

Kwa hiyo fomu nitaijaza. Lakini kabla sijaondoka, kuna wadogo zangu wawili wanaosumbuliwa na hesabu, na likizo hii nitakaa nao chini kila jioni. Swali la mama bado sijalijibu.