Tharia Topan, tajiri ambaye hakuiona hospitali yake

Ukitoka Mlandege, ukavuka Darajani na kuteremka Malindi mpaka barabara ya Mizingani, mbele ya bandari utaikuta nyumba ya ghorofa yenye roshani za mbao za kuchonga na vioo vya rangi. Watu wanaiita Dispensari ya Zamani, wengine Dispensari ya Ithnaasheri. Nusu yetu hapa chuoni tuna picha tuliyopiga mbele yake. Aliyetoa pesa ya kuijenga ni Tharia Topan, na huyo ndiye ninayetaka tumzungumze.

Alizaliwa Kutch, India, mwaka 1823, akaja Unguja angali mtoto wa miaka kama 12. Inasimuliwa kwamba alianza na kazi ndogondogo za duka na ukarani. Alipokua aliuza karafuu na pembe za ndovu, akanunua merikani kwa wafanyabiashara wa Salem, kule Marekani, na mwaka 1876, zama za Sayyid Barghash, akakodi ushuru wa forodha. Yaani kila mzigo ulioingia na kutoka, yeye ndiye aliyeukusanyia kodi. Serikali ililipwa kiwango kilichokubaliwa, na ziada ilikuwa yake. Utajiri wa namna hiyo haukosi maswali.

Na swali kubwa zaidi ni misafara ya bara. Tharia alimkopesha Tippu Tip bidhaa na mtaji, akalipwa kwa pembe za ndovu. Tippu Tip tunamjua: pembe zilitoka bara mabegani mwa watu, na wengi wao hawakuchagua kuzibeba. Wanaoandika sifa za matajiri wetu wa zamani hupenda kuruka hapa. Mimi sitaki kuruka, kwa sababu pesa ile ile ndiyo iliyojenga nyumba tunayoisifia.

Mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala, Tharia akaanza kujenga hospitali ya hisani kwa ajili ya maskini. Kumbuka, hakuitisha mchango wa mtu. Sisi tunajua kuchangishana ni kazi gani: unazunguka na daftari siku tatu, wanaokuahidi ni wengi kuliko wanaotoa. Yeye alitia mkono mfukoni mwake, akaajiri mchoraji ramani kutoka India, Hashem Virjee Patel, na mafundi wakaja kuchonga zile roshani. Bila shaka alijua pia kwamba zawadi yenye jina la Malkia haipotei bure. Mwaka 1890 akapewa cheo cha Sir. Mimi sioni ajabu mtu kutaka sadaka na jina kwa pamoja. Wafadhili wa leo nao hutaka kibao ukutani.

Mwaka 1891 alifariki Bombay, nyumba ikiwa haijesha. Hapo ndipo anapoingia mkewe, Lady Janbai, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu nzito ya habari. Mume kafa, mafundi wanataka ujira wao, na kuacha kungekuwa rahisi kabisa. Akaendelea mpaka 1894, kazi ikakamilika. Lakini hospitali iliyokusudiwa haikusimama. Muda si mrefu jengo likauzwa, likaingia kwenye wakfu wa Nasser Nurmohamed. Chini ikawa dispensari, juu watu wakakaa. Kwa hiyo maskini walipata dawa, ila kwa mkono wa mtu mwengine.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 dispensari ikafa na nyumba ikaanza kuoza. Miaka ya 1990 Shirika la Aga Khan la Utamaduni likaitengeneza upya, ikawa kituo cha utamaduni. Gharama za kulinda jengo la miti na chokaa kando ya bahari hazikwishi, chumvi hailali. Hilo Tharia hakuliwekea fungu.

Janbai naye, skuli nzima nilizosoma, sijamsikia akitajwa hata siku moja.